Gesi ya mazuku ni chakula cha mimea, lakini chini ya taa za neoni mwanga ndio unaoamua

Magharibi mwa mji wa Goma, kuelekea Bulengo na Sake, wazazi huwakataza watoto wao kuteremka asubuhi mapema kwenye mabonde madogo ya mawe ya volkano. Humo hulala mazuku. Haina rangi, haina harufu, na haitoi sauti. Mbuzi anayeinama kula majani anaweza kuanguka hapo hapo, na mtu anayemfuata ili amtoe anaweza kuanguka juu yake. Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma (OVG) kimekuwa kikiwaonya wakaaji juu ya mashimo hayo miaka na miaka.

Gesi inayotanda humo ni kaboniki, ile ambayo wanafunzi huiandika CO2. Ni gesi hiyo hiyo inayotoka katika pumzi ya kila mtu, inayopanda katika chupa ya soda ikifunguliwa, na inayochemka katika pipa la kasiksi. Na ni gesi hiyo hiyo ambayo wakulima wa Uholanzi hulipa pesa ili iingie katika nyumba zao za vioo, kwa sababu mimea huila.

Ndipo linapozuka swali ambalo vijana wengi wa mijini wanaopenda kilimo wanajiuliza. Kwenye intaneti zipo video nyingi za watu waliogeuza chumba kimoja cha nyumba kuwa shamba dogo: rafu tatu au nne, miche ya nyanya, saladi au pilipili, taa za neoni juu yake, na pembeni chupa ya maji ya sukari na hamira inayotoa mapovu. Wanasema mapovu hayo yanaifanya mimea ikue haraka. Je, ni kweli? Na katika mji ambao watu wanaijua mazuku, ni busara kuiingiza gesi hiyo ndani ya nyumba kwa mkono wako mwenyewe?

Jibu ni kwamba gesi inafanya kazi, ila katika masharti ambayo rafu ya nyumbani mara nyingi haina. Kuna hata hivyo mahali pamoja, padogo kuliko chumba, ambapo kuiongeza chini ya neoni kuna maana kubwa kwa wakulima wa Kivu.

Mmea unakula hewa

Wakulima wengi huamini kwamba mmea hujengwa na udongo na mbolea. Ukweli ni kwamba karibu nusu ya uzito wa mmea mkavu ni kaboni, na kaboni hiyo yote imetoka hewani. Jani lina vitundu vidogo sana ambavyo gesi ya kaboniki huingilia. Ndani ya jani, nguvu ya mwanga huiunganisha gesi hiyo na maji ili kutengeneza sukari. Sukari hiyo ndiyo inayokuwa jani jipya, mzizi, tunda au kiazi.

Shida ni kwamba chakula hicho ni haba. Katika kila sehemu milioni moja za hewa ya leo, kaboniki ni sehemu 420 na kidogo. Kabla ya viwanda kuenea duniani zilikuwa 280 hivi. Katika mimea mingi, mtambo wa jani unaoikamata kaboniki hukosea pia: badala ya kaboniki hunasa oksijeni, na kazi inapotea bure. Kaboniki ikiongezeka, makosa hayo hupungua. Ndiyo maana katika nyumba za vioo, wakulima huipandisha hadi sehemu 800 au 1,200, na pale ambapo mwanga, maji na mbolea vinatosha, mavuno ya nyanya, tango au saladi huweza kupanda kwa asilimia 20 hadi 30. Ukivuka 1,500, faida mpya karibu haionekani.

Si kila mmea unaofaidika hivyo. Mahindi, miwa na mtama vina njia yao ya kuikusanya kaboniki ndani ya jani, na hewa ya kawaida inawatosha. Hata lengalenga, mboga inayopendwa sokoni Bukavu na Lubumbashi, imo katika kundi hilo. Anayeitilia lengalenga gesi anapoteza gesi yake. Maharagi, viazi, mihogo, ndizi, nyanya na pilipili ndivyo vyenye nafasi ya kufaidika.

Kilichogunduliwa Geneva mwaka 1804

Mambo haya si mapya. Mwaka 1804, mwanasayansi wa Geneva aliyeitwa Nicolas-Théodore de Saussure alichapisha majaribio aliyoyafanya juu ya mimea iliyofungiwa katika vyombo vya kioo. Miche ya njegere aliyoizidishia kaboniki ilikua vizuri kuliko ile iliyokuwa katika hewa ya kawaida, lakini juani tu. Alipoiweka kivulini, gesi hiyo hiyo iliidhuru.

Miaka mia moja baadaye, mwaka 1905, Mwingereza Frederick Frost Blackman aliliweka jambo hilo katika kanuni: kazi ya jani hufuata mwendo wa kile kilicho haba kuliko vyote. Ni kama wajenzi wenye matofali mengi na saruji ndoo moja. Ukiwaletea lori jingine la matofali, ukuta haupandi.

Katika chumba chenye neoni, saruji hiyo ni mwanga. Jua la saa sita mchana hutoa mwanga wa lux 100,000 hivi. Hata siku ya mawingu, nje huwa na lux 10,000 au 20,000. Taa nne za neoni za wati 36, zikiwa mpya, zikining'inizwa karibu sana juu ya rafu moja ya urefu wa mita 1.2, hufikisha kama lux 8,000 hadi 10,000 kwenye majani. Zikipandishwa nusu mita, au zikiwa zimezeeka na ncha zake zimekuwa nyeusi, mwanga unashuka sana. Jicho la mtu halioni upungufu huo, kwa kuwa jicho huzoea. Jani halizoei.

Faida ya gesi katika mwanga mdogo haiwi sifuri. Kwa kuwa kaboniki nyingi hupunguza yale makosa ya jani, mche ulio chini ya neoni unaweza kupata nafuu kidogo. Lakini nafuu ya kitu kidogo hubaki ndogo. Mche ambao ungetengeneza gramu moja ya jani utatengeneza gramu moja na kitu, wakati mwenzake aliye nje juani anatengeneza nyingi zaidi bila gharama yoyote.

Hesabu ya chumba kimoja

Tuchukue mfano wa chumba cha kawaida cha mita 4 kwa 3, chenye dari ya mita 2.5. Ndani yake ni mita za ujazo 30 za hewa. Kuitoa hewa hiyo kutoka sehemu 420 hadi 1,200 kunahitaji lita 23 hivi za kaboniki, yaani chini ya gramu 50. Inaonekana kitu rahisi.

Lakini chumba hakikai kimefungwa kama chupa. Hewa hupita chini ya mlango, kwenye dirisha na katika matundu ya dari. Tukisema kwamba nusu ya hewa ya chumba hubadilika kila saa, jambo la kawaida katika nyumba zetu, basi itabidi kuongeza gramu 20 hivi za gesi kila saa ili kiwango kisishuke. Taa zikiwaka saa 16 kwa siku, hiyo ni zaidi ya gramu 300.

Sasa turudi kwenye chupa ya sukari. Hamira inapokula sukari, karibu nusu ya uzito wa sukari hutoka kama kaboniki, na nusu nyingine hubaki kama pombe. Ili kupata gramu 300 na zaidi kwa siku, inahitajika sukari ya gramu 600 hadi 700, kila siku. Kwa juma ni kilo nne na nusu hivi. Kile kichupa kimoja cha mapovu kinachoonekana kwenye video hakifiki hata karibu. Kinachotoka humo hupotea mlangoni kabla jani halijakigusa.

Na jani lenyewe lingekula kiasi gani? Rafu moja ya miche chini ya neoni nne, kwa mwanga ule, hukamata kama gramu 10 za kaboniki kwa siku nzima. Mkulima atatoa gramu 300 ili gramu 10 ziliwe. Wakati huo huo taa zenyewe zinakula umeme wa karibu kilowati-saa 2.5 kila siku.

Kuna kingine kinachosahauliwa. Mtu mmoja aliyekaa kitako hutoa lita 15 hadi 20 za kaboniki kila saa katika pumzi yake, gramu 30 hivi, na kwa siku nzima karibu kilo moja. Ni zaidi ya zile gramu 20 ambazo chumba cha mfano wetu kinahitaji kila saa. Mama anayekaa akishona nguo karibu na rafu, au wanafunzi wawili wanaorudia masomo yao humo, wanailisha mimea kuliko chupa ya hamira, tena bila senti moja. Nyumba yenye watu tayari ina gesi ya ziada.

Njaa ya kweli ni hewa iliyosimama

Hesabu inageuka kabisa pale mtu anapoifungia rafu yake kwa plastiki, au anapoiweka kabatini ili kutunza joto na unyevu. Humo hakuna anayepumua isipokuwa mimea. Taa zikiwaka, majani hula kaboniki iliyopo na kuiteremsha chini ya 420, pengine hadi 200. Mche unaonekana mzima, ila umesimama kukua.

Hapo ndipo kuongeza kaboniki kuna faida kubwa, na kaboniki hiyo ni ya bure: ni hewa safi ya nje. Kupanda kutoka 200 hadi 400 kunamfaidi mche kuliko kupanda kutoka 800 hadi 1,000, kwa sababu jani lenye njaa hufaidika zaidi na tonge la kwanza. Feni ndogo inayotikisa majani polepole inaongeza faida hiyo, maana juu ya kila jani hulala tabaka jembamba la hewa iliyokwisha kuliwa, na upepo huiondoa. Shina nalo huwa gumu.

Hatari iliyo ndani ya nyumba

Mtu mwenye pesa anaweza kuiacha hamira akanunua mtungi wa kaboniki, kama ile inayotumika kwenye baa na viwanda vya vinywaji. Hapo suala si sukari tena, ni uhai.

Katika nchi nyingi, kanuni za kazi zinamruhusu mtu kukaa saa nane katika hewa yenye kaboniki isiyozidi sehemu 5,000 kwa milioni. Kwenye 30,000, yaani asilimia 3, pumzi huenda mbio na kichwa huuma, na kanuni hizo haziruhusu zaidi ya dakika 15. Kwenye 40,000 hatari ni ya papo hapo. Ikifika asilimia 10, mtu huzimia kwa dakika chache, na asipotolewa hufa. Ndani ya mazuku kiwango huweza kuvuka hapo.

Mtungi wenye kilo 10 za kaboniki una gesi ya zaidi ya mita za ujazo 5 ukifunguka. Ukivuja wote katika kile chumba chetu cha mita za ujazo 30 kilichofungwa, hewa itakuwa na zaidi ya asilimia 15 ya kaboniki. Ni mazuku kamili, nyuma ya mlango wa chumba. Tena gesi hii ni nzito kuliko hewa, mara moja na nusu. Inapovuja hutangulia chini, kwenye sakafu, pale ambapo magodoro ya watoto hutandikwa.

Umeme unaokatika unaongeza hatari. Wakati wa delestaji taa huzimika, mimea huacha kula kaboniki na kuanza kuitoa kama watu. Ikiwa mtungi unaendelea kufunguka, gesi yote inajikusanya gizani. Ndiyo maana wanaotumia mitungi katika kazi hii hufunga vali ya umeme ambayo hujifunga yenyewe umeme ukikosekana, pamoja na kipimo chenye kengele. Asiye na vitu hivyo viwili hana haki ya kuwa na mtungi ndani ya nyumba. Chupa ya hamira nayo haijui usiku wala mchana, na ikifungwa kwa nguvu bila njia ya gesi kutokea hupasuka.

Baya zaidi ni wazo la kuwasha mbabula ya makala karibu na mimea ili ipate gesi. Makala yanayowaka ndani ya chumba hutoa kaboniki, lakini pamoja nayo hutoa monoksidi ya kaboni, gesi nyingine kabisa ambayo huua kwa kiasi kidogo sana. Familia nyingi katika miji ya milimani yenye baridi zimepoteza watu kwa sababu ya mbabula iliyoachwa ndani usiku. Mimea pia haipati kitu kizuri: moshi wa moto usiowaka vizuri huwa na ethilini, gesi inayokunja majani na kuangusha maua.

Wakulima wa Uholanzi wanaotumia gesi ya moshi huunguza gesi asilia safi katika mitambo inayopimwa kila wakati. Wengine hupata kaboniki kwa bomba: tangu mwaka 2005, bomba la zamani la mafuta limekuwa likipeleka gesi inayotoka kwenye viwanda vya bandari ya Rotterdam hadi kwa mamia ya nyumba za vioo. Pale kuna jua, kuna hekta nyingi, na kuna kipimo kila kona. Kuuchukua mfano wao na kuuingiza katika chumba cha kulala ni kuchukua nusu ya jambo na kuiacha nusu inayolinda watu.

Mahali inapofaa: ndani ya chupa ya mche wa ndizi

Chini ya neoni, hata hivyo, kuna mimea mingine isiyopandwa na mtu wa nyumbani. Ni miche inayooteshwa ndani ya chupa katika maabara, kutoka kipande kidogo cha kitovu cha mgomba au cha kiazi. Kwa Kivu, kazi hiyo si ya mchezo.

Ugonjwa wa mnyauko wa ndizi ulionekana Masisi mwaka 2001, na tangu hapo umeteketeza mashamba mengi ya Kivu ya Kaskazini na ya Kusini. Ugonjwa mwingine, ule unaoyafanya majani yasimame na kubanana kama shada, unaenezwa na wadudu pamoja na machipukizi ambayo wakulima hupeana. Jirani anapompa jirani yake chipukizi, anampa pia ugonjwa bila kujua. Mche safi wa maabara hukata mnyororo huo, ingawa ukipandwa katika shamba chafu nao huambukizwa. Ndizi na mihogo ni kati ya mazao yanayoshughulikiwa na watafiti wa INERA huko Mulungu na wale wa IITA huko Kalambo, vituo viwili vya Kivu ya Kusini.

Ndani ya chupa, mche husimama juu ya chakula laini kama jeli chenye chumvi za madini na sukari, kwa kawaida gramu 20 hadi 30 kwa lita. Sukari imewekwa kwa sababu mche unahesabiwa kuwa hauwezi kujilisha kwa mwanga. Lakini sukari ni karamu ya kila ukungu na bakteria. Mfuniko ukifunguliwa vibaya mara moja tu, chupa nzima inaoza.

Tangu miaka ya 1980, Mjapani Toyoki Kozai wa Chuo Kikuu cha Chiba na wenzake walijiuliza kwa nini mche wenye majani ya kijani ushindwe kujilisha. Walipima hewa ya ndani ya chupa. Usiku gesi ilijaa, maana mimea ilikuwa ikipumua. Asubuhi, neoni zilipowaka, miche iliila yote kwa muda mfupi, na ndani ya saa mbili hivi kiwango kilikuwa chini ya sehemu 100. Kwa saa zote zilizobaki za mchana, miche ilikaa na njaa katika mwanga. Haikuwa kwamba haiwezi kula. Haikuwa na chakula.

Dawa yao ilikuwa na sehemu tatu: mfuniko wenye kichujio kinachopitisha hewa na kuzuia vijidudu, mwanga wa neoni ulioongezwa, na kaboniki iliyopandishwa katika chumba. Sukari ikaondolewa kabisa. Miche ya aina nyingi ilikua na mizizi mizuri na majani yanayofanya kazi, na uozo wa chupa ukapungua. Faida kubwa huonekana siku ya kutoka. Mche uliolelewa kwa sukari ni kama mtoto aliyezoea kulishwa. Ukitolewa nje hunyauka kwa wingi. Uliojilisha wenyewe huvumilia upepo na jua mapema zaidi.

Njia hiyo haifai tangu mwanzo. Wakati kipande cha mgomba bado kinagawanyika na hakina majani, sukari inahitajika. Inafaa hatua ya mwisho, mche unapootesha mizizi. Tena inadai umeme zaidi kwa ajili ya mwanga, na katika majimbo ambako umeme ni wa kubahatisha, hiyo ni gharama ya kupigiwa hesabu. Lakini mfuniko unaopitisha hewa, peke yake, bila mtungi wowote, tayari unaondoa sehemu kubwa ya njaa. Na katika maabara inayoongeza gesi, wafanyakazi wanaingia na kutoka humo siku nzima, kwa hiyo kipimo ukutani ni lazima kama ufunguo wa mlango.

Mwenye rafu moja afanye nini

Kwa kijana anayetaka kuotesha miche ya nyanya au pilipili nyumbani, mpangilio wa kazi unajieleza wenyewe. Kwanza, taa zishushwe hadi upana wa kiganja kimoja au viwili juu ya majani. Neoni haina joto kali la kuyaunguza. Kuta na rafu zipakwe rangi nyeupe ili mwanga urudi. Neoni zilizozeeka zibadilishwe.

Anayenunua taa mpya leo ana sababu ya kutazama LED, ambazo kwa umeme ule ule hutoa mwanga mwingi zaidi. Neoni zina zebaki ndani yake, na mwaka 2023 nchi za Mkataba wa Minamata zilikubaliana kukomesha utengenezaji na biashara yake kati ya nchi na nchi ifikapo mwisho wa mwaka 2027. Neoni ikivunjika, watoto watoke, madirisha yafunguliwe, na vipande viokotwe kwa karatasi ngumu, si kwa mkono wala kwa ufagio.

Pili, dirisha lifunguliwe mara kwa mara na hewa itembezwe. Tatu, maji na mbolea viwe vya kipimo. Nne, miche itolewe juani mapema kadiri inavyoweza, kwa sababu nchi iliyopitiwa na ikweta ina taa ambayo hakuna anayelipia. Aliyekamilisha hayo yote, na bado ana mwanga unaobaki bila kuliwa, ndiye pekee mwenye sababu ya kuwaza juu ya gesi. Katika rafu za nyumbani, watu wa namna hiyo ni wachache sana.

Wakaaji wa Bulengo hawahitaji kufundishwa kanuni ya mwisho, maana wanaifuata tangu zamani: mahali ambapo hewa haitembei, usiinamishe kichwa wala usilaze mtoto. Chumba cha mimea chenye mtungi kinastahili heshima ile ile wanayoipa mazuku.